Unadai nini?

Barua pepe iliingia nikiwa kwenye foleni ya kivuko, Pangani mjini, nasubiri kuvuka kwenda Bweni. Saa nne asubuhi, jua limeshaanza kuuma. Mbele yangu kijana kashikilia pikipiki iliyofungwa matenga mawili ya kuku. Nyuma yangu mama mmoja anambembeleza mtoto begani. Mkono wa kushoto nilikuwa na mfuko wa mchele, sukari na majani ya chai, nampelekea shangazi, kwa hiyo simu niliifungua kwa kidole gumba cha kulia.

Nilikuwa nimeisubiri barua ile siku 19, tangu nilipotuma pendekezo la makala kwa jarida moja la falsafa.

Mhariri aliandika mistari mitatu. Alinishukuru. Akasema mada yangu ni nzuri, na hakuwahi kuletewa kitu kama kile. Halafu akauliza swali moja, ambalo kwa Kiswahili changu linakuja hivi:

Lakini wewe unadai nini?

Kivuko kikashusha mlango, pikipiki zikaanza kupanda, watu wakanisukuma kwa nyuma nikasogea. Pale mto si mpana, unavuka kwa dakika chache. Nilivuka nikisoma mistari ile tena na tena, na nilipokanyaga Bweni jibu nilikuwa nalo, ila sikutaka kulikubali.

Nilikuwa sidai chochote.

Zimepita wiki saba. Nimesahihisha mitihani, nimezika jirani, nimepeleka watoto hospitali na kuwarudisha, na swali lile limekuwa likinifuata kila nilikokwenda.

## Mada na hoja

Majarida ya falsafa yanayoandikiwa watu wa kawaida si mengi. Uingereza wana Philosophy Now tangu 1991, kisha The Philosophers' Magazine lililoanza 1997. Ufaransa wana Philosophie Magazine tangu 2006. Mtandaoni kuna Aeon, iliyoanza 2012. Yapo mengine madogo madogo. Yote yanamlenga msomaji ambaye hajawahi kukaa darasa la falsafa lakini hulala akiwaza: nesi, dereva, mwalimu wa sekondari kama mimi. Jarida nililoliandikia silitaji, kwa sababu mazungumzo yetu bado hayajafika mwisho.

Mara nyingi hawataki uanze na makala nzima. Wanataka pendekezo: aya mbili tatu za kueleza unataka kuandika nini, kwa nini sasa, na kwa nini uandike wewe.

Pendekezo langu lilihusu wakati. Mwaka 1969 John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa akifundisha Makerere, alichapisha kitabu kilichosema kwamba wakati kwa Mwafrika wa jadi una pande mbili: uliopita, ambao ni mrefu mno, na uliopo. Ujao karibu haupo, kwa kuwa mambo yake hayajatokea, na lisilotokea haliwezi kuujenga wakati. Ushahidi wake aliuchota kwenye vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu. Lakini alipofika kwenye kuzipa majina pande hizo mbili, hakutaka maneno ya Kiingereza, maana yangekuja na mawazo ya Kiingereza ndani yake. Akaazima kwetu. Akaziita Sasa na Zamani, kwa herufi kubwa.

Hapo ndipo moyo wangu uliposhikwa. Maneno ninayoyatumia kumwita mtoto aje kula ("njoo sasa, chakula kinapoa") yanasomwa kwenye madarasa ya falsafa ng'ambo kama dhana nzito. Niliona nina haki ya kusema kitu.

Nikaandika aya tatu. Ya kwanza ilimtambulisha Mbiti. Ya pili ilisema Kiswahili kina majina ya siku zijazo: kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Ya tatu ilinieleza mimi, mwalimu wa Kiswahili kwa miaka 14, mwenyeji wa Tanga. Nikafunga kwa methali.

Nikiisoma leo naona nilivyomzungusha mhariri yule kama mgeni anayeonyeshwa nyumba, huku sebule, huku ua, huku kisima, halafu akaachwa amesimama mlangoni. Darasani huwa nawaambia vijana kwamba mada ni uwanja na hoja ni mchezaji. Mada unaweza kuizunguka siku nzima usiumie. Hoja unaitoa, na ukishaitoa mtu anaweza kuishika, akaivuta, akakuangusha nayo. Ndiyo maana waziri anapomaliza hotuba yake ya bajeti bungeni husema "naomba kutoa hoja", na lazima mwingine asimame aseme anaafiki kabla jambo halijajadiliwa. Hakuna waziri anayesimama akasema "naomba kutoa mada" kisha akaketi.

Swali la mhariri nimelitafsiri kwa kitenzi "kudai" makusudi. Ningeweza kuandika "unasema nini" na maana isipotee sana. Ila kwetu mwenye hoja na mwenye pesa zake mikononi mwa watu wanatumia kitenzi kimoja. Wote wawili wanadai. Anayedai lazima ajue anamdai nani, kiasi gani, na kwa ushahidi upi.

## Jarida lililotaka methali

Kabla ya jarida hili, mwaka mmoja uliopita, kulikuwa na lingine. Nalo silitaji.

Lile lilinijibu haraka na kwa upole mwingi. Walipenda. Waliomba tu nimtoe Mbiti, kwa sababu mabishano ya wasomi yangewachosha wasomaji, na badala yake niweke hekima ya wazee: methali, misemo, namna Mwafrika anavyoishi na wakati bila haraka. Kama ningeweza kugusa ubuntu, ile falsafa ya utu, ingependeza zaidi.

Nikakubali.

Nilikaa Jumamosi nne. Nikaandika maneno 1,500 yenye methali 11, kila moja na maelezo yake, na picha ya mzee chini ya mwembe ambaye hakuwahi kuwepo. Mwishoni walikataa, wakasema wamepata makala nyingine inayofanana na hiyo. Kukataliwa kumeshapoa. Kukubali kwangu ndiko bado kunaniuma, kwa sababu nilijua ninachofanya. Nilijua haraka ni sehemu ya maisha ya Pwani kama mahali pengine popote. Aliyewahi kukimbizana na maji kupwa ili awahi ngalawa yake anaijua haraka.

Methali nazipenda, nazifundisha, na mwanafunzi wangu akiitumia vizuri nampa alama zote. Lakini "wahenga walisema" ni mlango unaofungwa. Nani atasimama kumpinga mhenga ambaye hana jina wala kaburi? Marehemu Henry Odera Oruka, aliyekuwa akifundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliliona jambo hili katika miaka ya 1970 alipoanza kuwahoji wazee wa vijijini Kenya. Aliwagawa makundi mawili. Kuna mzee mwenye kuzijua hekima za watu wake na kuzirudia vizuri. Na kuna mzee anayezijua hizohizo, kisha akazihoji, akazikubali nyingine na kuzikataa nyingine kwa sababu anazoweza kuzitaja. Huyu wa pili ndiye ambaye Odera Oruka alimwita mwanafalsafa, hata kama hajui kusoma.

Jarida la kwanza lilikuwa linamtafuta mzee wa kwanza, nami nilijitolea kuwa mzee huyo nikiwa na miaka 39.

## Mtondogoo

Kwa hiyo swali la mhariri wa pili, pamoja na kunichoma, lilikuwa heshima. Alinichukulia mimi kama mtu anayeweza kudai.

Nikarudi kwenye pendekezo langu nilikamue. Jaribio la kwanza lilikuwa rahisi: nadai kwamba Mbiti alikosea, ushahidi ni mtondo na mtondogoo. Lugha ileile aliyoiazima ina jina la siku ya tatu kutoka leo na jina la siku ya nne. Itakuwaje watu wasio na wakati ujao wazipe majina siku zake?

Nilijisikia vizuri kwa siku mbili hivi.

Kisha nikawauliza wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu. Walikuwa 46 siku ile. Mtondo waliujua watatu. Mtondogoo aliujua mmoja, binti aliyelelewa na bibi yake. Hilo lilinihuzunisha kama mwalimu, ila halikuivunja hoja. Neno linaweza kusinzia. Kilichoivunja ni kumsoma Mbiti upya, polepole, kalamu mkononi. Hakusema Mwafrika haijui kesho. Alisema anaijua kesho, anaujua mwezi ujao na msimu ujao, na kwamba upeo wa macho yake ni miezi, ukizidi sana miaka miwili. Zaidi ya hapo ndiko alikosema hakuna kitu.

Mtondogoo ni siku nne.

Ushahidi wangu ulikuwa ushahidi wake.

Jaribio la pili niliona aibu kulitupa, kwa jinsi nilivyolipenda. Kiambishi chetu cha wakati ujao, -ta-, ni masalia ya kitenzi "kutaka". Bado kinaonekana mzima kwenye "atakayekuja", "litakalotokea". Maana yake Kiswahili kimeujenga wakati ujao kwa kutaka! Niliandika aya nzima usiku, nikalala nimefurahi. Asubuhi nikakumbuka kwamba hata "will" ya Kiingereza ilianza kama kutaka. Basi na Waingereza tuseme wana wakati ujao wa matamanio tu? Asili ya kiambishi haikuelezi anachokiwaza mtu anayekitumia leo kumwambia fundi "nitakulipa Ijumaa".

Na kulikuwa na jambo la tatu. Mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alishamjibu Mbiti zamani, kwa kutumia Kiakani, lugha ya kwao. Kama kazi yangu ni kusema "na Kiswahili pia", nitakuwa nimeongeza lugha moja kwenye orodha.

Nikaandika barua ya kuomba radhi na kuliondoa pendekezo. Ilikaa kwenye rasimu siku tano.

## Minazi tisa

Jumamosi iliyofuata nikavuka tena kwenda Bweni. Shangazi nilimkuta uani, kaketi juu ya mbuzi, anakuna nazi ya mchana.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo, usinikanyagie machicha. Nina kesi."

Kesi yenyewe nilikuwa naijua nusunusu. Mwaka 1998 marehemu mumewe alihitaji pesa za matibabu, akaweka rehani minazi tisa kwa jirani. Ardhi ilibaki yake. Pwani yetu mti na ardhi vimekuwa vikiweza kuwa na wenyewe tofauti tangu babu za babu zetu. Jirani alitoa shilingi 120,000, naye akapewa haki ya kuangua nazi za minazi ile tisa mpaka deni lirudi. Yameandikwa kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili, dole gumba la wino wa zambarau pembeni. Masheikh wana maneno yao juu ya mtu anayekula matunda ya rehani, na shangazi anayajua, lakini hayo hayakuwa kesi ya siku ile.

Kesi ya siku ile ilikuwa hii. Minazi miwili kati ya tisa ilikufa. Mtoto wa jirani, ambaye ndiye mwenye rehani sasa baada ya baba yake, akapanda miche miwili palepale. Miche imefika kiunoni. Shangazi amepata pesa na anataka kukomboa. Kijana anasema: chukua saba yako, miwili niliyopanda ni yangu. Wazee wawili wa mtaa waliitwa kusuluhisha, wakaona kijana ana haki, maana aliyepanda ndiye mwenye mti.

Angalieni walichokuwa wanagombania. Mnazi wetu mrefu huzaa ukifika miaka sita au saba. Ukishatoa maua, nazi yenyewe hutaka kama mwaka mzima kupita kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo iwe nazi. Watu wazima walikuwa wamekaa kwenye jamvi nusu siku wakigawana nazi ambazo hazipo, za miti ambayo haizai.

Shangazi hakukubaliana na wazee. Alisema haya, nami niliyaandika nyuma ya risiti ya duka kwa sababu sikuwa na karatasi:

"Mwanangu, aliyepanda mche kwenye rehani ni mmoja kati ya watu wawili. Ama anajua rehani itakwisha, ama hataki iishe. Kama anajua itakwisha, basi kanipandia mimi, nitamshukuru na gharama ya mche nitamrudishia. Kama hataki iishe, hiyo si rehani tena. Ananinyang'anya shamba polepole."

Nikamuuliza, kwa kuwa nilitaka kuona kama itashika: "Na kama aliona hutalipa karibuni, akapanda ili ale ile miaka ya katikati?"

Aliacha kukuna. Mkono ukabaki ndani ya kifuu.

"Basi angeniuliza kwanza. Miaka ya katikati ni ya wawili."

Akaendelea kukuna.

Nilikaa pale mpaka tui likakamuliwa na wali ukaiva, na sikumbuki tulizungumza nini kingine. Miaka ya katikati ni ya wawili. Miaka ambayo haijafika, yenye wenyewe, yenye mipaka, ambayo mmoja hawezi kuipanda bila idhini ya mwenzake. Na alikuwa amewapinga wazee kwa sababu alizozitaja moja moja. Odera Oruka angesogeza kiti karibu.

Nikarudi Tanga na daladala ya jioni nikiwa na sentensi moja kichwani, nairudiarudia isinipotee njiani.

Wakati ujao haumo kwenye kitenzi. Umo kwenye deni.

Nikaijaribu kwa kila upande. Kitenzi cha "nitalipa" hakikufungi popote; unaweza kukisema leo na mwakani. Rehani inahesabu. Mtu akipokea minazi tisa anajua huangua kila baada ya miezi miwili mitatu, anajua mkwezi atataka ujira gani, anajua miti ipi imezeeka. Anauona mwaka wa tano na wa kumi kwa macho yake, tena kwa faida. Kama unataka kujua watu wanaona mbele umbali gani, waache na vitenzi vyao, nenda ukasome mikataba yao ya mdomo na ya daftari. Uliza nani anamdai nani, na mpaka lini.

## Neno lililokuja na bahari

Raha hiyo nayo haikudumu, na nashukuru haikudumu.

Nilimsikia Mbiti akinijibu. Yeye mwenyewe aliandika kwamba Waafrika wanaugundua wakati ujao wa mbali kupitia mafundisho ya Kikristo na elimu ya Kimagharibi. Kwangu angebadilisha jina tu: rehani ni neno la Kiarabu, ni sheria iliyokuja na Uislamu. Unachokionyesha Bweni ni mgeni aliyefika kwa jahazi. Mwafrika ninayemzungumzia mimi alikuwepo kabla yake.

Nilikaa na jibu hilo karibu wiki mbili. Nilikuwa naogopa nikilikubali nitakuwa nimemfukuza shangazi kwenye Uafrika, na nikilikataa bila sababu nitakuwa nafanya ushabiki.

Jibu lilikuja darasani, nafundisha maneno ya mkopo. Ubaoni nilikuwa nimeandika safu ndefu: sahani, kitabu, dawa, rehani. Mwanafunzi mmoja wa mbele akaniambia, "Mwalimu, na zamani."

Na zamani.

Neno ambalo Mbiti alilichagua kuwa jina la kisima kirefu kabisa cha wakati wa Kiafrika, mahali zinapozama enzi zote, lilivuka bahari ileile iliyovukwa na rehani. Silisemi hili kumsuta. Nadhani alichagua vizuri. Kufikia 1969 zamani lilikuwa neno letu tangu karne na karne. Lilikuwa na hadithi zetu ndani yake, "hapo zamani za kale", na hakuna bibi aliyelitamka akajiona anazungumza lugha ya watu. Lakini kama zamani limeishi kwetu vya kutosha kubeba wakati uliopita wa Mwafrika, basi na rehani imeishi kwetu vya kutosha kubeba ujao wake. Huwezi kuupokea mkopo wa bahari kwa upande wa nyuma ukaukataa kwa upande wa mbele.

Kisha nikaona kitu kingine, ambacho alikiona Mbiti mwenyewe na ndicho ninachokipenda zaidi kwenye kitabu chake. Alisema marehemu anayekumbukwa kwa jina hajazama kwenye Zamani. Yumo bado kwenye Sasa, mpaka afe mtu wa mwisho aliyemjua. Hebu fikirieni mazishi ya kwetu. Kabla watu hawajatawanyika husimama mtu wa familia akasema: kama kuna anayemdai marehemu, aje kwetu. Mtu yumo kaburini na bado anadaiwa. Mume wa shangazi amekufa muda mrefu, na kwa ile karatasi ya daftari ana jambo lake ambalo halijatimia. Tukimfuata Mbiti hadi mwisho wa njia aliyoifungua mwenyewe, tunamkuta marehemu mwenye wakati ujao.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Ningeweza kuangushwa nayo. Mtu wa Kitui anaweza kuniambia mambo ya Pwani hayamhusu, na nitalazimika kumsikiliza.

## Maneno 180

Pendekezo la pili niliandika kwanza kwa Kiswahili, na lilikaa jioni moja tu. Sentensi ya kwanza ilikuwa hoja yenyewe. Ya pili ilikuwa minazi tisa. Ya tatu ilimtaja Mbiti kwa heshima inayomstahili. Nilipolipeleka kwenye Kiingereza nilikwama siku tatu kwenye neno rehani. Neno moja lilinipeleka kwenye duka la kuwekea saa na pete, lingine likanipeleka benki, kwenye mkopo wa nyumba. Minazi ya Bweni haimo humo mote. Mwisho niliiacha rehani ilivyo, nikaipa sentensi moja ya maelezo. Kama wasomaji wa dunia waliweza kujifunza neno zamani, hili nalo wataliweza.

Mtondogoo nimeutoa, na uliniuma kuutoa. Kiambishi -ta- nimekitoa. Methali hakuna hata moja. Nilipohesabu yalibaki maneno 180, na kila mstari una kitu ambacho mtu anaweza kukikataa.

Wenzangu wawili watatu huniuliza namna ya kuyaandikia majarida haya, na wote wanataka niwaonyeshe wapi pa kutuma. Anwani zipo wazi, mtu yeyote anazipata. Ninachowaomba sasa ni hiki: nitumieni kwanza sentensi moja ambayo shangazi yenu angeweza kuipinga. Natamani pia siku moja tuwe na jarida la namna hii kwa Kiswahili, lenye mhariri wa kutuuliza swali lile bila kulitafsiri. Jioni ile moja ya kuandika kwa lugha yangu imenionyesha kwamba kazi ngumu huwa imeshafanyika kabla Kiingereza hakijaingia.

Kabla ya kutuma nilimpigia shangazi kuomba ruhusa. Alitaka kujua ni akina nani watakaosoma. Nikamwambia ni watu wa mbali, hatawajua. Akasema basi jina la kijana lisiwemo, maana aibu husafiri, na yule bado ni jirani. Maneno yake mwenyewe akasema niyaandike kama alivyoyasema, nisiyapambe.

Nilituma Alhamisi, baada ya vipindi vya mchana. Magharibi simu ikaita, shangazi tena, sauti yake ina haraka.

"Wazee wamekubali tukae upya. Kikao mtondo, asubuhi. Uje na karatasi ya rehani, ulibaki nayo wewe."

Nikakata simu, nikahesabu kwa vidole. Ijumaa, Jumamosi. Jumapili. Nikainuka kuitafuta karatasi.